Maji ya Kunawa

Mume wangu alinyoosha mikono juu ya beseni, nami nikammiminia maji. Yalikuwa baridi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikataza tusipashe tena maji ya kunawa. "Gesi imepanda, Mama Aluoch. Tubane matumizi." Nyama nayo aliipiga marufuku tangu Pasaka.

"Nipakulie kidogo tu," akasema. "Jam ya magari Jogoo Road imenichosha."

Ndipo nikaona. Katika yale maji baridi, mafuta ya mbuzi yalikuwa yakiganda, vipande vyeupe vikielea chini ya vidole vyake.

Watoto walikuwa wametulia mezani wakimngoja baba anawe, ndipo wale mboga ya sukuma wiki iliyochemshwa kwa maji na chumvi. Aluoch alikuwa anajilamba vidole hata kabla ya kula.

Niliwapakulia watoto sukuma yote mpaka sufuria ikabaki tupu. Sahani yake nikaitia ugali peke yake.

"Na mboga?" akauliza.

Nikalinyanyua lile beseni, nikalitua mbele yake kwa kishindo, maji yakamrukia shati.

"Mchuzi wako huo, Baba Aluoch. Chovya."