Silinda Iliyopasuka

Verna aliigeuza silinda ya bastola mkononi, akapitisha kidole katika matundu yote sita ya risasi. Hakukuwa na ufa hata wa unywele.

"Hupati nyingine kama hiyo Oklahoma nzima, mama," muuzaji alimtambia. "Imetoka kwenye sanduku la marehemu baba. Fundi bastola mwaminifu, uliza meza yoyote humu kwenye maonyesho ya bastola."

"Sina haja ya kuuliza, namkumbuka. Ndiye aliyemwambia baba yangu silinda yake imepasuka, ameitupa. Mzee wangu alikufa akijilaumu kwamba ameiharibu bastola ya babu yake."

"Pole. Basi hii itaingia kama imezaliwa nayo."

"Macho yangu yamechoka. Hebu nisomee namba iliyogongwa hapo nyuma."

"Nne, moja, saba, mbili."

Bastola za zama zile ziligongwa namba ileile mwilini na kwenye silinda, na hakuna muuzaji asiyelijua hilo. Verna akafungua kitambaa alichokuja nacho, akaipindua bastola kuukuu ya baba yake mbele ya muuzaji.

"Haya, soma na hii."

"Nne, moja..." Akaitazama silinda, kisha bastola.

"Paza sauti, mwanangu," alisema Verna. "Meza zote zisikie."