Chupa Mbili za Bibi Melania

Boti ilipoiacha Kibirizi, Wilfred alikuwa amebana chupa mbili za insulini, dawa ya kisukari, kwapani, moja kila upande. Zilikuwa zimeganda kama mawe.

Kosa lilikuwa lake. Muuguzi aliyemkabidhi alimwonya: "Ziweke penye ubaridi, lakini zisigande. Zikiganda, tupa." Wilfred, mhudumu wa afya anayepeleka dawa vijiji vya mwambao, akaitikia, akaenda nyumbani Buzebazeba akazitia kwenye friza la mkewe, katikati ya soda. Asubuhi alipozitoa, muda wa boti ulikuwa umefika. Kurudi kuomba nyingine kulikuwa kukiri uzembe. Akanyamaza.

Walipokaribia Gombe, barafu ikayeyuka. Ndani ya chupa vikaelea vichembe vyeupe. Wilfred akageuza uso.

"Zote mbili zangu?" Bibi Melania, mgonjwa wake, alimuuliza pale kijijini Mwamgongo, akizipokea kwa mikono miwili. "Mungu akuzidishie, mwanangu."

"Amina, bibi." Akaondoka upesi, hata maji aliyotengewa hakuyagusa.

Alirudi mjini, lakini moyo haukurudi naye. Kila alipomega tonge alimwona yule ajuza akijidunga dawa isiyo dawa. Mkewe, Diana, akamuuliza kama ana homa. Akasema ni uchovu. Alitaka kurudi kesho yake, ila ziwa lilichafuka, boti zikalala wiki nzima.

Siku ya nane akapanda boti ya kwanza, mkononi ana dawa mpya na mashine ya kupimia sukari. Njia nzima alikariri maneno ya kuomba radhi, asijue kama yatapata wa kuyasikia.

Bibi Melania alikuwa amekaa mlangoni mwake, mzima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Sauti ilikuwa imemkauka.

Wilfred akamtoboa kidole. Saba nukta mbili. Akapima tena, ileile.

"Sukari imetulia, bibi! Imetulia kabisa!"

Akahisi kama ametuliwa gunia la mihogo mgongoni. Kumbe dawa haikuharibika. Maneno yote aliyoyakariri akayameza. Mungu amemsitiri, ya nini kujianika?

"Usinisifu," Bibi Melania akasema. "Mimi nimekukosea, mwanangu. Nilitaka hata kukuficha."

"Umenikosea nini tena, bibi?"

"Zile chupa zako sikuzitumia. Nilikuwa na ya mwezi uliopita, nimeihifadhi kwenye chungu cha maji. Sasa huyu jirani yangu Bonifasi, bintiye Agnesi naye ni mtu wa sindano tangu yuko mdogo. Ikamwishia. Baba mtu kaenda mjini kumchukulia nyingine, ziwa likamfungia huko huko. Nikaona mtoto asiteseke na mimi ninayo. Nikampa mama yake zote mbili."



"Alimchoma asubuhi na jioni, hakuruka hata mara moja," bibi akaendelea, akijifuta macho kwa pindo la kanga. "Tulimzika juzi. Baba yake hakuwahi. Na yule mama hali, halali. Anasema yeye ndiye aliyemuua mwanawe, kwamba lazima alikosea kumchoma."