Kikombe cha Zuhaila

Siku hizi plastiki inayookotwa baharini hurudishwa mlangoni kwa aliyeitupa, aipokee, kisha hupelekwa kusagwa. Sisi wanafunzi wa filamu wa masomo ya jioni tuliambiwa turekodi plastiki zetu wenyewe zikirudi, watu waone, waache kutupa.

Jumamosi, siku ya mkusanyaji kupita, kamera yangu ilikuwa inarekodi mlangoni kwangu alipotoa kikombe cha waridi chenye alama za meno.

“Mama Zuhaila, hiki alikitupa mwanao. Mwite akipokee mwenyewe, ajifunze!”

“Alifariki mwaka juzi, kaka.”

“Lo! Pole, dada. Basi kipokee wewe, nikakisage.”

“Niachie mpaka kesho tu.”

“Sheria hairuhusu, dada yangu.”

Kwenye filamu nawasihi watu wasitupe plastiki, na nasema kwa moyo wote. Ila kila Jumamosi nakaa mlangoni, nikiomba bahari iwe bado na kitu cha mwanangu.