Fundo la Uzi Mwekundu

Mfuko mpya wa chujio la tangi ulikuwa umeshonwa kwa mkono, na mumewe hajui hata kutia uzi kwenye sindano.

"Huu umeutoa wapi?" aliuliza mke, akiugeuzageuza chini ya bomba la jikoni.

"Dukani," alijibu mumewe, fundi saa, kutoka sebuleni. Pua yake ilikuwa karibu igusane na tangi dogo la maji ya chumvi, ambamo lilichanua tumbawe la zambarau aliloliacha mtalaka wake, yule mshonaji.

Duka gani linamalizia mshono kwa fundo la uzi mwekundu? Mafundo kama hilo mke aliyakuta kwenye mito na mapazia ya nyumba hii siku alipoolewa. Mwaka mzima alikuwa akiyafumua, moja baada ya jingine. Hili lilikuwa bado jipya, uzi haujapauka.

"Makaa vijiko vinne," mume alimkumbusha. "Punje za chuma kijiko kimoja tu. Zikizidi zinanyonya kila kitu majini, tumbawe linakufa njaa."

"Nimesikia, baba."

Aliyasuuza makaa mpaka maji yakaacha kutoka meusi, akayatia kwenye mfuko ule. Juu yake akamimina kijiko kimoja cha punje, nyekundu kama kutu.

Akachota cha pili.

"Bado tu, mke wangu?"

"Subiri kidogo," alisema kwa sauti laini, akachota cha tatu.