Mama, Taja Jina

"Mama, taja jina la mtoto," mashine ya matone ilisema mlangoni kwa mara ya nne.

Siku hizi matone ya vitamini A hayatoki bila sauti ya mama. Shemeji yangu Subilaga akajibu tena, "Mzee." Kwetu mke hatamki jina la mkwewe, na mwanawe amerithi jina la babu. Nyumba nzima tunamwita Mzee.

"Jina si sahihi."

"Ambakisye!" niliifokea mashine. "Masikio yako ya nini?"

"Sauti si ya mama."

Mtoto hujigonga kwenye vigoda kila jioni. Giza likianza tu, haoni. Na mashine hurudi baada ya miezi sita.

Baba akakohoa chumbani. "Mkwe, litaje. Nimekuruhusu. Hilo debe ndilo halina adabu."

Subilaga akajifunika uso kwa kanga. "Ambakisye."

"Sahihi. Ambakisye, itika."

Mtoto aliendelea kuchezea kifuniko cha sufuria.

"Mtoto haitiki. Siye huyu." Mashine ikajifunga, ikaenda kwa jirani.

"Mzee," Subilaga akaita, machozi yakimlenga.

Mtoto akageuka mara moja, kinywa wazi.