Ungo Juu ya Tumbo

Kabla hakujapambazuka, Mwanamvua alisikia mbuzi ikikuna nazi jikoni kwake. Alijua ni jirani yake, Bi Hadia. Mimba ya kwanza ya Mwanamvua ilikuwa imetoka, na kwa hii ya pili daktari alimkataza kuinuka kitandani mpaka ajifungue. Lakini aliona haya kulala huku mtu mzima akimpikia. Akateremsha mguu.

“Urudishe huo mguu!” Bi Hadia alisema mlangoni. “Kazi unaitaka? Haya, chambua mchele, mwanangu.”

Akamwekea mito mgongoni na ungo juu ya tumbo. Mwanamvua akaanza kutoa chuya, mojamoja, moyo ukimtulia. Mara ungo ukatikisika, punje zikaruka.

“Huyo naye anapeta!” Bi Hadia akacheka.

Mwanamvua akaushika ungo kwa mikono miwili, akasubiri teke jingine.

“Kesho uje tena, bibi,” alimnong’oneza Bi Hadia. “Na mchele.”