Sare ya Kilnavar

Wewe, umewahi kumwomba Mungu timu ya mwanao isishinde wala isishindwe? Attracta aliomba hivyo Jumapili ya fainali, saa tano asubuhi, kanisani Kilnavar, akiwa na koti lake la kijani na beji ya klabu kifuani. Aliomba sare. Kisha akatoka nje, akawapa watu mkono mmoja mmoja, akawaambia, "Leo kombe tunalichukua."

Mambo yalikuwa hivi. Colman, kitinda mimba wake, alikuwa asafiri Jumanne kwenda Boston. Mjomba wake kule alikuwa amemtafutia kazi ya kupiga plasta, na alishasema kwenye simu: asipoonekana kazini Alhamisi, nafasi anapewa mwingine. Shamba lilikuwa la kurithiwa na kaka mkubwa wa Colman. Ng'ombe kumi na wanane hawalishi nyumba mbili. Mwaka ule wa themanini na sita vijana wa Ayalandi walikuwa wakiondoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Wakishinda, angeondoka. Wakishindwa, angeondoka. Lakini fainali ya harling, mchezo wao wa magongo na kimpira, ikiisha sare hurudiwa baada ya wiki mbili, na hakuna mzaliwa wa Kilnavar ambaye angepanda ndege akaiacha fainali njiani.

Colman mwenyewe alikuwa na furaha, au ndivyo watu walivyomwona. Sanduku alilifunga wiki nzima kabla, akalikalia ndipo likakubali. Kila aliyepita mlangoni alimwambia, "Hii mvua nawaachia, mgawane."

"Na ikitoka sare?" aliuliza siku moja mezani, akipaka mkate siagi.

Donagh, baba yake, alicheka. "Sare? Nimecheza miaka kumi na minne, fainali ya sare sijaiona. Kula, mtoto."

Siku ilipofika, uwanja ulijaa. Attracta aliketi kati ya mumewe na jirani yao Packie, mikono mapajani, chai ya chupa imempoea pembeni. Wapinzani wao, Drumoyle, walitangulia, Kilnavar wakawafikia, Drumoyle wakatangulia tena. Magongo bapa yaligongana kama kuni zinazopasuliwa. Kufikia dakika ya mwisho walikuwa sawasawa.

Ndipo Kilnavar wakapata mpigo wa adhabu. Hatua thelathini kutoka kwenye milingoti, katikati kabisa. Mpigaji wao ni Colman. Kutoka pale hakuwa amekosa tangu alipokuwa shule.

Donagh alishavua kofia, tayari kuirusha.

Colman aling'oa majani mawili ya uwanjani, akayaachia. Yakaanguka wima, upepo haukuwepo. Akatazama jukwaani kidogo. Akakinyanyua kimpira kwa ncha ya gongo, akapiga. Kimpira kilipanda vizuri, kikapita nje ya mlingoti wa kushoto, kama urefu wa mkono tu. Waamuzi wa goli, na makoti yao meupe, wakapanua mikono: nje. Kipenga kikalia.

Sare.

Attracta hakufurahi, wala hakulia. Alikufa ganzi tangu vidoleni mpaka shingoni, akawa anaona midomo ya watu ikienda asisikie wanachosema. Wakati wa kushuka ngazi ilibidi Packie amshike kiwiko.

Nyumbani alilikata lile paja la nguruwe alilokuwa amelichemsha kwa karamu ya kumuaga mwanawe, maana nyama haingojei marudiano, alisema, na hakuna aliyecheka. Aliweka viazi, kabichi, akasahau chumvi.

"Bibi yangu angeipitisha ile," alisema Packie, mdomo umejaa. "Na yuko kaburini mwaka wa tisa."

"Mpeni jezi basi," Colman akamjibu. "Pumzi atakushinda wewe."

Donagh hakuinua macho. "Nimempigia simu mjomba wako. Anasema pole, lakini Alhamisi ni Alhamisi." Akakisukuma kiazi upande huu wa sahani, akakirudisha upande ule. "Kombe halipo, kazi haipo. Mpigo mmoja."

"Nipitishie haradali, Baba," alisema Colman.

Donagh akampitishia. Baadaye akavaa buti zake akaenda kukamua, na Packie, aliyeona jikoni pamekuwa pazito, akamfuata.

Attracta alisimama kwenye beseni la vyombo. Maji yalikuwa ya moto, mikono yake haikuyasikia. Aliisugua sufuria ile ile mara tatu.

"Colman," alisema bila kugeuka. "Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Asubuhi kanisani niliomba mtoke sare. Nilijua kazi haitakungoja. Niliomba nikijua." Akakwangua sehemu ya sufuria ambayo haikuwa na kitu. "Sikufikiri Mungu ataipitishia kwako. Nilidhani atamkosesha mtu mwingine yeyote. Sasa watakutaja kwa mpigo ule mpaka uote mvi, na ni kwa ajili ya mdomo wangu huu. Baba yako usimwambie, nitamwambia mwenyewe."

Colman alikimalizia kipande cha mwisho cha nyama. Akaleta sahani yake, akaizamisha taratibu kwenye maji, karibu na mikono ya mama yake.

"Mama, Mungu usimsingizie. Nililenga pale pale kilipopita."

Akachukua kitambaa, akaanza kukausha vikombe.

"Nilitaka kubaki."